Ufundi wa Kuizima ABL

Mchoro wa imatinibu hauhitaji zaidi ya nusu ukurasa. Pete ya piridini imeshikana na pete ya pirimidini. Inafuata naitrojeni moja, pete ya benzini iliyobeba kikundi kidogo cha methili, kiungo cha amidi, pete nyingine ya benzini, na mkiani kabisa pete ya piperazini. Kaboni 29, haidrojeni 31, naitrojeni 7, oksijeni 1. Wanafunzi wa famasia huukariri kama wanavyokariri mingine, wakafaulu mtihani, wakausahau. Mimi hurudi kuutazama mara kwa mara, kwa sababu sijaona mchoro mwingine wa dawa ambao kila kona yake ukiiuliza imewekwa pale kwa nini, inakujibu.

Majibu hayo hayataeleweka bila kuijua kazi ambayo dawa hii ilitumwa kuizuia. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye molekuli ya ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Basi. Edwin Krebs na Edmond Fischer waliigundua kazi hiyo Seattle katikati ya miaka ya 1950, wakichunguza jinsi msuli unavyoivunja glikojeni ili upate nguvu, na Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 1992, wote wawili wakiwa wazee wa zaidi ya miaka 70. Fosfeti ni kitu kidogo, lakini ina chaji hasi ya kutosha kuisumbua protini nzima: inavuta sehemu hii, inasukuma ile, umbo linabadilika, na kwa umbo jipya protini inapata kazi mpya au inaacha ya zamani. Vimeng'enya vingine, fosfatasi, hupita nyuma vikibandua. Orodha iliyochapishwa mwaka 2002 ilihesabu kinasi 518 katika jeni za binadamu. Kukua, kugawanyika, kuhama, kufa: ni maamuzi machache ya seli yasiyopitia kwenye mojawapo ya hizo.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini, kwa maoni yangu, si jinsi kinasi inavyobandika bali jinsi inavyozuiwa isibandike. Kimeng'enya hakichoki. Kikiachwa wazi kitaendelea kubandika hadi ATP iishe au seli ife, na kwa hiyo seli imetumia akili nyingi zaidi kwenye breki kuliko kwenye mwendo. Kinasi A hukaa imefumbatwa na protini mlinzi ambayo imechomeka mdomoni mwake kipande kinachofanana na protini ya kubandikwa, ila hakibandikiki; mpaka molekuli ya ishara, AMP ya mzunguko, ifike, mlinzi haachii. Kinasi za kugawanya seli haziwezi lolote bila protini iitwayo saiklini, na saiklini yenyewe huvunjwavunjwa kila zamu inapokwisha. Kinasi nyingine, Src, hujikunja na kuuma mkia wake uliobandikwa fosfeti. Kila moja ina njia yake ya kutulia, na hilo lina maana kubwa. Kinasi zikiwa kazini zinafanana sana, maana kazi ni ileile. Zikiwa zimelala ndipo kila moja inaonyesha sura yake.

Wanakemia wa Basel walioitengeneza imatinibu hawakulijua hilo walipoanza.

Walichojua ni ugonjwa. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwenye seli za wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi kromosomu moja iliyofupika isivyo kawaida. Ikabidi kusubiri hadi 1973 ndipo Janet Rowley, akiwa Chicago, akaonyesha kwamba kipande hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Katika miaka ya 1980 ikafahamika kilichotokea kwenye mshono. Jeni ya ABL, mwenyeji wa kromosomu ya 9, imekatwa kichwa na kuungwa nyuma ya jeni ya BCR. Protini inayozaliwa hapo, BCR-ABL, ni kinasi isiyopumzika. Kipande cha BCR kina tabia ya kushikana na wenzake, kwa hiyo kinasi zinakusanyika na kubandikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe, zikaamshana zote. Uboho unajaza chembe nyeupe kwenye damu, bandama inavimba, na baada ya miaka michache ugonjwa unageuka mkali na kuua. Kile kichwa kilichokatwa nitakirudia.

Katika maabara za kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi, kundi la Alex Matter na Nicholas Lydon liliamua miaka ya 1980 kutafuta vizuizi vya kinasi. Wengi waliona wanapoteza muda, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kinasi zote hushika ATP, na kijifuko cha kuishikia kinafanana kutoka kinasi moja hadi nyingine. Tena ATP imejaa tele ndani ya seli, kwa kiwango cha milimola kwa lita, hivyo molekuli yoyote inayotaka kukaa pale lazima igombee nafasi na umati. Staurosporini, iliyopatikana Japani mwaka 1977 kutoka kwa bakteria wa udongoni, ilithibitisha hofu hiyo: ilizuia kinasi kwa nguvu ya ajabu, na ilizuia karibu zote. Hiyo ni sumu, haijawa dawa.

Mkemia Jürg Zimmermann alianza na kiini cha fenilaminopirimidini, kilichojulikana kwa kuizuia kinasi C, kinasi ambayo haikuwa imetuhumiwa kwa lukemia hii. Hapa naomba msomaji aende nami polepole, maana utamu wote umo katika mwendo huo.

Kwanza iliongezwa pete ya piridini, na molekuli ikapata nguvu ndani ya seli hai, si kwenye bomba la majaribio tu. Kisha kikawekwa kiungo cha amidi kwenye pete ya benzini, na molekuli ikaanza kuzuia pia kinasi za tirosini, ukoo ambao ABL imo. (Kwamba tirosini nayo hubandikwa fosfeti kulichelewa kujulikana. Mwaka 1979 Tony Hunter wa Salk Institute, California, alitenganisha asidi amino zenye fosfeti kwa myeyusho wa zamani ambao uasidi wake ulikuwa umebadilika kwa kukaa. Angechanganya mpya siku hiyo, doa la tirosini lingejificha kwenye doa la threonini. Uvivu una baraka zake, ingawa sishauri.) Sasa molekuli ilikuwa na makali mawili, na moja lilikuwa halitakiwi. Ingeendelea kuizuia kinasi C, ingeiumiza seli ambayo haina kosa.

Jibu lilikuwa methili: kaboni moja na haidrojeni tatu, iliyowekwa kwenye pete ya benzini, jirani kabisa na naitrojeni inayoiunga pete hiyo na pirimidini. Methili haishiki chochote. Haina chaji, haina bondi ya haidrojeni ya kumpa mtu. Kazi yake ni kukaa njiani. Kwa kuwepo pale inazinyima pete jirani uhuru wa kulala bapa, molekuli inalazimika kujipinda, na katika mpindo ule kinasi C haiipokei tena. Uwezo dhidi ya kinasi C ukatoweka. Ule wa ABL ukabaki. Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya mchoro mzima, nitachagua hii, ambayo mtu asiyejua angeifuta akidhani ni doa la wino.

Ikabaki shida ya maji. Molekuli haikuyeyuka vizuri, na dawa isiyoyeyuka haitoki tumboni kwenda popote. Ikaongezwa piperazini, pete inayopenda maji, na hapo palikuwa na mtego: kuiunga moja kwa moja kwenye benzini kungeacha umbo la anilini, jamii ya kemikali zinazoshukiwa kuharibu jeni. Kwa hiyo iliwekwa kaboni moja katikati yao, zisigusane. Atomi hiyo moja ni tahadhari tupu. Haikuongeza nguvu ya dawa, iliondoa wasiwasi. Mafundi wengi nimewasikia wakisifiwa kwa walichoongeza. Wachache husifiwa kwa walichoepuka.

Molekuli iliyopatikana iliandikwa CGP 57148, baadaye ikaitwa STI571, na sokoni Glivec. Brian Druker, daktari aliyehamia Portland, Oregon, ndiye aliyesisitiza ipimwe dhidi ya lukemia hii. Mwaka 1996 yeye, Lydon na wenzao walichapisha matokeo ya maabara: makundi ya seli zenye BCR-ABL yaliyoota kwenye sampuli za wagonjwa yalipungua kwa asilimia 92 hadi 98, na ya seli za kawaida hayakuguswa. Majaribio kwa binadamu yalianza Juni 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliomeza miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya 53 ilirudi katika hali ya kawaida. Mei 2001 Marekani ikaidhinisha dawa. Sehemu hii imesimuliwa mno, nami naipita. Niseme tu kwamba Nairobi na Dar es Salaam wapo watu wanaoishi kwa kidonge hiki, wengi wao kwa kuwa kilitolewa bure kupitia mpango wa Novartis, kampuni iliyoirithi Ciba-Geigy, na Max Foundation, na wanaopanga foleni kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road hawana haja ya kujua habari za methili.

Lakini nani alijua, wakati huo, dawa imekaaje ndani ya kinasi? Mwaka 2000, wagonjwa wakiwa tayari wanaimeza, maabara ya John Kuriyan huko New York ilichapisha umbo la ABL, lililopatikana kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele, ikiwa imeshika ndugu wa karibu wa molekuli hiyo. Ndugu huyo alikuwepo mahali pa ATP, kama ilivyotarajiwa, ila nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa imepenya ndani zaidi, kwenye upenyo ambao kinasi ikiwa kazini haupo.

Karibu kila kinasi ina asidi amino tatu zinazofuatana: aspartati, fenilalanini, glisini. Kinasi ikiwa macho, aspartati hutazama ndani na kushika magnesiamu iliyokuja na ATP. ABL ikilala, kipande hicho chote hugeuka. Fenilalanini inatoka kwenye kiti chake na kuacha uwazi. Imatinibu hujipenyeza katika uwazi huo. Amidi yake inashika aspartati upande huu na glutamati upande ule. Piridini inashika bawaba inayounganisha sehemu mbili za kinasi. Naitrojeni ya katikati inaishika threonini nambari 315. Na hata piperazini, iliyowekwa kwa ajili ya maji tu, ilikuja kuonekana imejishikiza kwa asidi amino mbili ukingoni, kwa hisani yake yenyewe.

Kwa hiyo Zimmermann na wenzake hawakuwa wameziba mdomo wa kinasi inayofanya kazi. Walikuwa kama fundi cherehani aliyeagizwa amshonee nguo mtu asiyemwona, kila akipeleka anajibiwa neno moja tu, inabana au haibani. Na siku mlango unafunguliwa anamkuta mteja ameketi, na nguo imemkaa barabara mtu aliyeketi, ambapo akisimama haivaliki. Hawakulenga usingizi wa ABL. Waliufikia kwa kupapasa, methili hadi amidi, kwa sababu ndiko kinasi zinakotofautiana, na anayefuata tofauti kwa uaminifu hatimaye hufika huko hata kama hajaambiwa.

Isidhaniwe picha ile ilimaliza mambo. Src, kinasi ya tirosini iliyo jirani ya ABL kiukoo, ina kijifuko kinachofanana mno na cha ABL, na bado imatinibu huishika kwa udhaifu wa maelfu ya mara. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba Src haiwezi kulala mkao ule. Fuwele zikaja kuonyesha inaweza. Mwaka 2014 kundi la Dorothee Kern, Brandeis University, likapima kila hatua peke yake, kuingia, kugeuka, kufunga, na kuonyesha kwamba tofauti kubwa hutokea baada ya dawa kuwa ndani: ABL hujifunga juu yake, Src haijifungi kwa kiasi kile. Picha ya fuwele haioneshi jambo hilo, kwa kuwa ni mwendo. Napenda kazi ya namna hii. Haikuleta kidonge chochote dukani, lakini ilisahihisha sentensi ambayo vitabu vilikuwa vimeizoea.

Saratani nayo ina subira. Mwaka 2001, mwaka uleule wa idhini, kundi la Charles Sawyers huko Los Angeles liliripoti wagonjwa walioacha kuitikia dawa, na kwa wengi wao kosa lilikuwa kwenye ile threonini 315, iliyogeuka isoleusini. Badiliko moja la herufi ya jeni. Threonini ina kundi la oksijeni na haidrojeni linaloshikana na dawa. Isoleusini haina, tena imenenepa, inaingilia njia. ATP haihitaji kupita pale, kwa hiyo kinasi inaendelea na kazi yake kama kawaida. Mtu hawezi kukosa kuistaajabia hata njia hii mbaya, jinsi ilivyogusa palepale penye faida na kuacha pengine pote.

Dasatinibu ilikuja 2006, ikiwa haichagui sana mkao wa kinasi. Nilotinibu 2007, ikiwa imatinibu iliyopunguzwa na kubanwa vizuri zaidi. Zote mbili zilishinda mabadiliko mengi, zote mbili zilikwama kwenye 315. Ponatinibu ilipita mwaka 2012 kwa hila ya kupendeza: mahali pa kugongana na isoleusini iliwekwa bondi tatu kati ya kaboni mbili, umbo jembamba lililonyooka kama kijiti, likapita pembeni bila kugusa. Ila ponatinibu huzuia kinasi nyingi nyingine, na mwaka 2013 mauzo yake Marekani yalisimamishwa kwa muda kwa sababu ya kuganda kwa damu kwenye mishipa, kisha ikarudishwa kwa masharti makali. Ufundi wa sehemu moja haukusamehe jumla.

Sasa kile kichwa. ABL ya kawaida, katika umbo lake mojawapo, huanza na asidi ya mafuta yenye kaboni 14, miristati, iliyogandishwa kwenye ncha ya kwanza ya mnyororo. Mwaka 2003 maabara za Kuriyan na Giulio Superti-Furga zilionyesha kazi yake. Mafuta hayo huzunguka hadi upande wa chini wa kinasi, mbali na mahali pa ATP, na kuzama kwenye shimo lenye kina. Yakizama, helikisi iliyo pale hupinda. Helikisi ikipinda, sehemu mbili za protini yenyewe, SH2 na SH3, zinapata pa kulala, zinaegemea mgongoni mwa kinasi na kuibana isifunguke. Hiyo ndiyo breki ambayo ABL huzaliwa nayo. Na katika BCR-ABL ncha hiyo ndiyo iliyokatwa kromosomu zilipobadilishana vipande. Breki imekwenda na kichwa. Shimo limebaki, tupu.

Je, shimo tupu linaweza kujazwa? Mwaka 2006 watafiti wa taasisi ya Novartis huko San Diego walichapisha molekuli waliyoiita GNF-2. Hawakuipata kwa kuchora shimo. Waliipata kwa kutazama ni kemikali gani inaua seli zenye BCR-ABL na kuziacha nyingine, kisha ndipo ikagundulika inakaa kwenye shimo la miristati. Huko Basel walianza upande wa pili, kwa vipande vidogo vya kemikali vinavyoingia shimoni, wakivisikiliza kwa mwangwi wa sumaku wa viini vya atomi. Na hapo wakakutana na jambo ambalo lingemkatisha tamaa mwenye haraka: vipande vingine vilijaa shimo vizuri kabisa, na kinasi ikaendelea kubandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuingia hakutoshi. Ni lazima helikisi ipinde. Wakabadilisha kipimo chao, wakawa hawaulizi tena nani ameshika kwa nguvu bali nani amepindisha, na wakaijenga molekuli kutokea hapo.

Asiminibu iliidhinishwa Marekani Oktoba 2021. Ncha inayozama shimoni ina kaboni moja, florini mbili na klorini moja, iliyoungwa kwa oksijeni, ikichukua nafasi ya mafuta yaliyokatwa. Kwa wagonjwa wa kawaida miligramu 80 kwa siku zinatosha. Kwa wenye badiliko la 315 hutolewa miligramu 200 mara mbili kwa siku. Kwa kuwa kinasi zenye shimo la namna hii ni chache mno, dawa inaziacha nyingine na shughuli zao, jambo ambalo waliokaa miaka 30 wakigombania kijifuko cha ATP hawakuwahi kulipata kwa kiwango hiki.

Seli za lukemia zinajua kuikwepa nayo. Kwenye maabara, zile ambazo alanini 337 iliyo ukutani mwa shimo imegeuka valini haziisikii asiminibu hata kidogo, lakini nilotinibu inazimaliza. Kwa zile zilizobadilika threonini 315, mambo ni kinyume chake. Katika utafiti uliochapishwa na kundi la Basel mwaka 2017, panya waliopandikizwa seli za lukemia ya binadamu walipewa dawa moja kwanza na nyingine baadaye, na kila mara uvimbe ulisinyaa kisha ukarudi ukiwa sugu. Panya wengine walipewa zote mbili kwa pamoja, moja mbele kwenye kijifuko cha ATP, moja nyuma kwenye shimo la miristati. Uvimbe ukatoweka, dawa zikasimamishwa, na haukurudi.